Namna ya Kuichukia Njinjo kwa Adabu

Orodha ya ajira imetoka na jina lako limo. Umelitazama mara mbili ukidhani macho yanakucheza: Njinjo. Umeuliza kwenye grupu la WhatsApp la chuo. Mmoja kasema iko Kigoma, mwingine kaweka emoji ya kulia, wa tatu kauliza kama kuna simba. Tulia. Njinjo ni kata ya Wilaya ya Kilwa, Mkoa wa Lindi, upande wa Mto Matandu, na habari za simba tutazifikia. Sisi tuliozaliwa hapa tumeshapokea watumishi wa kila namna: mwalimu wa Moshi, muuguzi wa Bukoba, bwana shamba wa Njombe anayeujua ufuta kwa kuuona juu ya mkate. Karibu wote hufika wamenuna. Kununa hatukukatazi. Tatizo ni kwamba wengi wananuna ovyo ovyo, bila mpangilio, ndiyo maana nimeona nikuandikie mapema.

Anza na safari, kwa sababu huko ndiko manung'uniko bora yanakopatikana. Basi unalipandia Mbagala Rangi Tatu. Ukivuka Daraja la Mkapa pale Rufiji, lililofunguliwa mwaka 2003, mzee aliyekaa jirani yako atakusimulia enzi za pantoni, watu wakilala ng'ambo kusubiri zamu. Msikilize kwa heshima, wala usimtafutie huruma: kwake yeye wewe umekuja kwa ndege. Nangurukuru unashuka. Kushoto ni Kivinje na Masoko, ambako utakwenda kwanza kuripoti halmashauri. Mbele ni Lindi. Kulia ni barabara ya Liwale, na ndiyo yako. Lami inakuaga hapo. Piga picha begi lako jipya likiwa jekundu kwa vumbi, umtumie mama. Usimtumie picha ya mpunga wa bondeni ulivyo kijani, wala ya mto jua linapozama. Hizo zihifadhi, zina kazi yake, nitaieleza.

Ukishafika, jifunze mahali pa kulalamikia. Lalamika kwa mtumishi mwenzako, jioni, chini ya mkorosho ambako simu inashika mtandao. Usithubutu kulalamika kwa mama wa vitumbua.

"Mama, maziwa ndiyo hakuna kabisa?"

"Ya jana yameisha, mwalimu. Ngoja Msukuma apite."

"Yaani huku hata maziwa ni ya kungoja!"

"Kweli mwalimu, kwetu huku shida tupu. Nikupe vitumbua vingapi?"

Amekubaliana nawe bila kubisha, na hilo ndilo la kukutisha. Kabla ya adhuhuri kata nzima itakuwa na habari. Mzee ambaye hujawahi kumwona atakusimamisha njiani akupe pole ya maziwa. Mtendaji atakuuliza kikaoni kama umeshapata maziwa. Wanafunzi watakuletea kikombe kilichofunikwa kwa sahani, na mama zao hawatataka hela. Hatugombani na mgeni, tunamhurumia mpaka aone haya.

Huyo Msukuma wa maziwa, kwa taarifa yako, naye ni wa kuja. Wafugaji wengi waliingia Kilwa na wilaya za jirani mwaka 2006 na 2007, serikali ilipowaondoa na ng'ombe wao kwenye bonde la Usangu na Ihefu. Hawakuomba kuja huku, kama wewe. Ng'ombe walikula mazao yetu, tukagombana kweli kweli, na ugomvi wenyewe haujaisha mpaka leo. Maziwa tunakunywa.

Sasa salamu. Hapa ndipo watumishi wengi hupoteza alama. Umetoka mjini, unamwambia mtu mzima "mambo" kisha unapita. Huku salamu ni kazi na ina hatua zake. Utatoa shikamoo, utaitikiwa marahaba, utaulizwa za tangu jana, za nyumbani kwenu (watu ambao muulizaji hajapata kuwaona), za kazi, za watoto wa shule, mvua huko kwenu imenyesha? Ndoo ya maji iko kichwani mwake muda wote huo na haitikisiki. Wewe unatazama saa. Mwezi wa kwanza utakasirika kwamba unapotezewa muda, na kasirika tu, ni haki yako. Ngoja uende likizo ya Desemba. Kijana atakupita stendi ya Moshi kwa "niaje" moja kavu, nawe utasimama pale unamsubiri akuulize hali ya mama yako.

Mgeni wa kupangiwa si jambo jipya kwetu. Wajerumani walitupangia maakida, watu wa pwani waliotumwa bara kukusanya kodi na kusimamia pamba ya lazima. Julai 1905, pale Nandete katika milima ya Umatumbi, kaskazini mwa hapa, watu waling'oa ile pamba, na moto uliowaka ukafika mpaka Mahenge na Songea. Ndiyo Vita vya Majimaji unavyofundisha darasani. Kwa hiyo ukisimama kwenye mkutano wa kijiji ukaanza sentensi kwa "ni lazima", ukaona wazee wanatazamana, usidhani hawakusikia. Anza na "tulikuwa tunaomba". Utapata madawati.

Mgeni mwingine ambaye watumishi wasomi hupenda kutupigia mfano ni msafiri Ibn Battuta. Alifika Kilwa mwaka 1331, akausifu mji kwa uzuri wake na sultani kwa ukarimu wake, na sifa hizo zimewekwa kwenye kila kipeperushi cha utalii. Wasichokisema ni kwamba hakukaa. Pepo zilipogeuka alipanda jahazi akaenda zake. Kusifu mahali ambapo hukupangiwa ni rahisi. Mimi wa kwangu ni Ali bin Hassan, yule Mshirazi ambaye masimulizi yetu yanasema alikinunua kisiwa cha Kilwa kwa kitambaa cha kukizungusha chote. Mtu anayetoa nguo zote hizo amekusudia kukaa, na nina hakika hakuacha kunung'unika joto.

Masika sitatania sana. Januari 2020 mafuriko yalipiga Kilwa na sehemu nyingine za Lindi, watu walikufa, nyumba na mashamba yakaenda na maji. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikata barabara kuu kule Somanga, na Kusini nzima ikabaki upande wake, Dar es Salaam upande wake. Mtumishi aliyekuwapo wakati huo ana cheo kisichoandikwa kwenye barua yoyote. Wewe mpya ukianza kulalamikia tope, yeye ndiye atakayekunyamazisha, tena kwa ukali kuliko sisi wenyeji. Na yeye ni mtu wa Musoma.

Halafu kuna shamba. Mpunga ukianza kubeba, utaona darasa linapungua. Familia zimehamia shambani kulinda, zinalala juu ya dungu, mama anapiga debe alfajiri ndege wasitue. Utaandika "utoro" kwenye taarifa, kama inavyotakiwa. Simba, uliyeulizwa kwenye grupu, yuko msituni na shughuli zake. Adui ni nguruwe pori na ngedere, na tembo anayetoka upande wa hifadhi na kula kwa usiku mmoja jasho la msimu. Nenda siku moja ukalitembelee dungu la mzazi, ukamweleze umuhimu wa elimu. Atakupa ming'oko ya kuchemsha na chumvi. Utakaa. Jua litashuka, upepo utapita juu ya mpunga, na wewe utajikuta unamuuliza bei ya heka moja ya kukodi ni shilingi ngapi.

Hapo umekwisha. Msimu unaofuata utakuwa na heka mbili za ufuta. Utalala ukiwaza wadudu. Utajua bei ya mnada wa ufuta kuliko matokeo ya Simba na Yanga, utabishana na watu wa chama cha ushirika, AMCOS, kuhusu unyevu na uchafu kwenye magunia, na jioni chini ya mkorosho bado utalalamika, maana kuacha kulalamika ghafla kutawatisha wenzako.

Usione tabu, ugonjwa huu hauko Njinjo tu. Nina binamu yuko Muscat. Akipiga simu kutoka kule ni kilio: joto la kuchoma, mwajiri mkali, pilau yao haina nazi. Akija likizo hapa, siku ya tatu hajakaa vizuri kitini anaanza: kule kwetu barabara hazina vumbi, kule kwetu ukiingia dukani Ruwi unahudumiwa kwa Kiswahili na Mwarabu mwenyewe. Shangazi alimuuliza, "Kwenu wapi, mwanangu?" Akaomba maji ya kunywa.

Inabaki habari ya kuhama. Njia ya kwanza ni barua ya kufuata mwenza. Ndoa kadhaa nchini hazikuwahi kuwa na haraka mpaka mmoja alipopangiwa Kusini. Kama huna mwenza, iko njia ya kubadilishana: unatafuta mtumishi wa kada yako aliye Moshi, Morogoro au popote, akubali kuja Njinjo wewe uende kwake. Na hapa ndipo zile picha zinapoingia kazini, maana itabidi uitangaze Njinjo. Utaandika: mazingira tulivu, ardhi yenye rutuba, samaki wa mtoni, wananchi wakarimu, maziwa yanapatikana. Utaweka picha ya mto jua likizama. Utausoma ujumbe wako kabla ya kuutuma na kuona kwamba hakuna uongo hata mmoja.

Atakayejibu atauliza swali ambalo hukujiandaa nalo: "Sasa kama pazuri hivyo, mbona unahama?" Mjibu ni kufuata mwenza. Mwenza awepo asiwepo. Akisema yuko tayari, akaanza kuulizia nyumba, mashamba na bei ya kukodi heka, utamwona ana haraka isiyo na sababu, na hutapenda namna anavyoandika jina Njinjo kana kwamba ameshafika.

Kibali cha uhamisho kikitoka mwezi wa Mei, ufuta wako uko shambani haujakatwa, usibabaike. Andika barua kwa heshima zote kuomba muda wa kukabidhi ofisi. Ofisi yenye meza moja, kabati lisilofungwa na mafaili saba inaweza kuchukua wiki nane kukabidhiwa vizuri, au zaidi kidogo kama mnada wa mwisho umesogezwa mbele.