Yah: Ombi la upepo wetu kupewa jina

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Sisi wa Kirumba, kando ya Ziwa Victoria, tunaoamka na harufu ya dagaa wa soko la Mwaloni na kulala nayo, tunakupongeza kwa kazi ya Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kinaisogelea pwani. Kilikuwa na jina. Kilikuwa na ramani. Taarifa zilitoka moja baada ya nyingine, kiko kilomita ngapi kutoka Mafia, kinakwenda mwendo gani. Boti za Dar es Salaam na Zanzibar zikasimama. Tulitazama yote hayo kwenye televisheni, tukaona wivu.

Wivu wenyewe si wa jana. Aprili 2019, Kenneth kilipoikaribia Mtwara, watu waliambiwa waondoke maeneo ya hatari, kisha kimbunga kikaenda kupiga Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma. Aprili 2021 Jobo kilikuja na makeke yake yote, kikaishiwa nguvu, na wapo waliolalamika kwamba wametishwa bure. Wenzetu wa pwani hawajui kushukuru. Kutishwa bure ni anasa, Mkurugenzi. Aliyetishwa bure anaamka kesho yake, anakunywa chai, anakusema vibaya.

Upepo wetu sisi hauna jina. Vimbunga vya baharini huwa havifiki huku bara, karibu na ikweta, na nadhani hapo ndipo tulipokosa hadhi. Lakini wataalamu wako wanajua vizuri kinachotokea ziwani. Usiku nchi kavu hupoa haraka, maji hubaki na joto lake, na upepo hutoka pande zote za ufukwe kwenda kukutana katikati ya ziwa. Hewa hupanda, mawingu hujijenga, radi zinaanza. Saa hizohizo ndipo mvuvi wa dagaa anapokuwa hukohuko, amewasha taa zake, kwa sababu dagaa huvuliwa usiku wa giza. Upepo na mvuvi wamepangiwa zamu moja.

Taarifa zenu tunazipata, tena kwa rangi. "Angalizo la upepo mkali na mawimbi makubwa kwa baadhi ya maeneo ya Ziwa Victoria." Ziwa lina kilomita za mraba zaidi ya 68,000, hivyo hilo neno "baadhi" limebeba mzigo mkubwa kuliko mtumbwi wowote wa Mwaloni. Zikija taarifa za mvua, tunawekwa kapu moja na mfugaji wa Shinyanga, mkoa ambao ziwa halifiki. Halafu mnamalizia: uwezekano wa kutokea, wastani, kiwango cha athari, wastani. Bado hatujamwona mtu aliyezama kwa wastani.

Kisha tunashauriwa kuchukua tahadhari. Naomba nikueleze tahadhari inavyochukuliwa saa kumi na moja jioni. Petroli imeshanunuliwa, kwa mkopo. Betri za taa zimeshachajiwa. Giza lina siku zake. Mbalamwezi ikitoka, dagaa hakuna, kwa hiyo kila usiku wa giza umeshapigiwa hesabu nyumbani na dukani. Mvuvi anaangalia simu, anaangalia wingu lililosimama upande wa Ukerewe, anamwangalia tajiri wa mtumbwi. Huyo wa tatu ndiye mwenye utabiri unaofuatwa. Akisema "mbona wenzako wanaingia?", basi hali ya hewa ni nzuri. Mvuvi akigoma, yupo mwingine amekaa juu ya ndoo, anasubiri nafasi hiyohiyo. Tajiri mwenyewe atalala nchi kavu, na simuonei. Naye ana mtu anayemdai.

Kwa hiyo tunaomba jina. Tumependekeza kimbunga Marejesho, maana kila mtu hapa anakifahamu, hupiga kila wiki, na ndicho kinachowasukuma watu ziwani hata mawingu yakiwa meusi.

Ombi la pili ni gumu kidogo. Wakubwa wa nchi hii wanajua kufunga ziwa. Mwezi uleule wa Hidaya, Mei 2024, Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa shughuli za uvuvi, miezi mitatu, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Hatupingi, samaki nao ni viumbe. Tunauliza tu kama mvuvi anaweza kufikiriwa kuwa aina ya samaki, kwa usiku mmoja mmoja, pale rangi inapofika nyekundu: mwalo ufungwe, tajiri azuiwe na mtu mwenye mamlaka kuliko yeye. Tutalalamika, usiwe na shaka. Tutaandika barua nyingine kuhusu hasara.

Najua suala hili si la ofisi yako peke yake, na pengine utaniambia nilete takwimu. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, wavuvi waliwahi kufika na mitumbwi yao, na kabla ya siku mbili kwisha taifa lilijua: watu 43 ndani, 19 wamefariki. Ndege ina orodha ya abiria. Kwa wanaokufa ziwani humu, nchi zote tatu, makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kati ya 3,000 na 5,000 kwa mwaka. Baina ya namba hizo mbili kuna watu 2,000, na hakuna ofisi iliyosimama kuuliza kama wapo au hawapo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkazi wa Kirumba, Ilemela.

Nakala:
Tajiri wa mtumbwi – kwa taarifa.
Afisa mikopo – asogeze marejesho hadi mbalamwezi.
Wingu la upande wa Ukerewe – kwa utekelezaji, kiwango wastani.