Mifupa Haina Taabu, Taabu Ni Nyumba

Kila mkongwe wa mchezo huu atakupa ushauri uleule: anza na mifupa. Askari wa kawaida ana uso, macho, ndevu, mkanda na viatu, na kila kimoja kinadai rangi yake. Mifupa ni mifupa. Unapuliza praima, unapaka rangi ya pembe ya ndovu, unamwagia rangi ya kahawia iliyozimuliwa iingie kwenye mianya ya mbavu, unapitisha brashi kavu juu juu, kikosi kimekwisha. Ushauri ni wa kweli kabisa. Kasoro yake ni moja tu: hutolewa na watu wanaoishi peke yao.

Kwa asiyejua, nazungumzia vijisanamu vya plastiki vya kipimo cha milimita 28, ambavyo watu wazima wenye ajira na mikopo ya nyumba huvipaka rangi, kisha huvipigisha vita mezani kwa dadu na futi kamba. Wala si wazimu wa juzi. H. G. Wells, yule mwandishi wa riwaya, alichapisha kanuni za vita vya namna hii mwaka 1913, na mizinga yake ya kuchezea ilirusha vijiti kwelikweli. Mchezo wa Warhammer ulitoka mwaka 1983, na kampuni yake, Games Workshop, ina makao makuu hapahapa Nottingham ninapoishi. Mtu akihamia Nottingham kutoka Tanga, ama atatekwa na mpira, ama atatekwa na mifupa. Mpira nilishaukinai kwetu, uwanjani Mkwakwani.

Kilichonimaliza hasa ni ile sinema ya mwaka 1963, Jason and the Argonauts. Humo viunzi saba vya mifupa vinachomoza ardhini na kupigana na watu kwa panga. Ray Harryhausen alivisogeza kwa mkono, kidogo kidogo, picha baada ya picha, na pambano la dakika chache likamla zaidi ya miezi minne. Nikajiambia, ikiwa yeye aliwatembeza, mimi wa kuwapaka rangi tu watanishindaje?

Kwanza, hawaji wazima. Wanakuja kwenye fremu ya plastiki, fuvu huku, mbavu kule, mikono imechanganywa na mikuki. Unawakata kwa koleo, unawakwangua kwa kisu, unawaunga. Gundi yao halisi huyeyusha plastiki kidogo ili pande mbili zishikane, lakini yangu ilikuwa imekauka chupani. Nikachukua supa gluu. Supa gluu hushika plastiki kwa wastani, ila ngozi ya binadamu huishika kwa mapenzi ya dhati. Muda si muda fuvu lilikuwa limegandia kati ya dole gumba na kidole cha shahada.

Nikakimbilia dawa ya mke wangu ya kutolea rangi ya kucha. Ndani yake mna asetoni, nayo asetoni hulainisha supa gluu. Huyeyusha polistairini pia, na askari wangu ni wa polistairini. Fuvu likapoteza pua, likapoteza meno, likavimba upande mmoja. Vidole vikabaki palepale.

Hapo ndipo mama mkwe alipoingia jikoni.

Alikuwa amekuja kutoka Tanga kumlea binti yake katika uzazi. Ni muuguzi mstaafu, mama wa heshima zake, na tulikuwa bado kwenye adabu za ukwe: shikamoo mama, marahaba mwanangu, macho chini, kila mmoja na upande wake wa ukumbi. Sasa anamkuta mkwewe kashika fuvu lisilotaka kuachika, na mbele yake maiti wadogo wamelazwa safu kwa safu juu ya gazeti.

"Baba Salma, hii nini?"

"Mchezo, mama."

Akatazama tena. "Mchezo wa mtoto?"

Mtoto alikuwa na wiki chache duniani. Nikakaa kimya.

Akatia maji ya vuguvugu kwenye beseni, akatia sabuni, akanishika mkono. Akanishika mkono, msomaji, mkwe kwa mkwe! Akauzamisha na kuusugua polepole mpaka vidole vikaachana. Hakutamka neno. Usiku ule ule ubani ukafukizwa kuanzia jikoni mpaka ghorofani. Kengele ya moshi ya nyumba za Uingereza haijui kutofautisha nyumba inayoungua na nyumba inayofukizwa, kwa hiyo tuliamka sote, mtoto akiwa wa kwanza na jirani akiwa wa mwisho.

Baada ya hapo nikahamishiwa uani, kwa amri ambayo mke wangu aliiita ombi. Kopo la praima limeandikwa wazi kwamba lisitumiwe kwenye baridi wala unyevu. Ilikuwa Novemba, Nottingham. Siku kavu niliingoja, ikanisusa, nikapuliza hivyo hivyo. Praima ikatua ya chengachenga, ukiipapasa inakwaruza. Kwenye deraya ya kung'aa ungekuwa msiba. Kwenye mifupa, wallahi, walionekana wamefukuliwa asubuhi ile. Wenzangu wa mezani waliniuliza nimefanyaje. Nikawaambia ni utaalamu wa pwani.

Kuhusu kikombe cha chai na kikombe cha maji ya brashi kukaa jirani, sitasema mengi. Kila mpakaji yamemkuta. Tofauti ni kwamba chai ile haikuwa yangu. Mama aliiangalia brashi, akaiangalia hiliki inavyoelea kwenye ukahawia usiokuwa wa majani, akanisogezea kikombe nimalizie mwenyewe.

Lakini muuguzi ni muuguzi. Mchana mmoja nilimkuta kavaa miwani, kamshika askari mmoja dirishani, anamkagua.

"Mtu mzima ana mifupa 206," akasema. "Huyu wako kapunjwa."

"Ni mdogo, mama."

"Na huu mkono wa kulia umeufunga kwenye bega la kushoto."

Nikatazama. Kweli. "Ameshakufa, mama. Haumuumi."

"Ndiyo maana amekufa."

Kisha akauliza swali ambalo sijapata kulisikia kwa mkongwe yeyote wa mchezo: ikiwa wameshakufa, ngao ya nini? Nikamweleza kwamba katika kanuni za zamani za Warhammer maiti hawatishiki wala hawakimbii vitani, ila jemadari mchawi aliyewafufua akiuawa, jeshi zima huanza kusambaratika. Akalitafakari hilo kwa makini. "Kumbe kama chama chetu cha ushirika," akasema, akamrudisha askari dirishani, safari hii ameelekezwa nje, asimtazame mtoto.

Pambano la kwanza mchawi wangu alikufa mapema, na mambo yakaenda kama ushirika ulivyokwenda. Aliyeua adui peke yake ni yule wa mkono wa kombo, ndiyo maana sijamrekebisha. Mama alisharudi Tanga. Akipiga simu, tukishamaliza salamu na habari za mjukuu, huuliza kama yule mgonjwa wake hajambo.

Aliyeyeyuka kichwa naye bado yumo kikosini, anapigana kwa shingo tupu, na sura yake inaharibu picha nzima. Kwa hiyo msomaji, kama una fuvu la ziada la milimita 28 na umo njiani kuja Nottingham, nakuomba uniletee. Gundi ninayo.