Mtoto wa Sao Hill
Jirani yangu hapa Mafinga ana msumeno mdogo wa mnyororo. Kila kiangazi kikianza anautoa stoo, anaukung'uta vumbi, anavuta kamba. Kimya. Anavuta tena, anamlaani aliyemuuzia. Maskini muuzaji! Petroli iliyomo kwenye tangi imelala humo tangu kabla ya Krismasi. Imechacha, inanuka kama vanishi, na kabureta imejaa utomvu. Oili ya kuchanganya, ambayo ni mililita 20 tu kwa kila lita ya petroli, yeye huipima kwa jicho. Tena jicho la jioni, akishatoka kilabuni.

Basi choki imefungwa, kamba kaivuta mara ishirini, injini imelowa chepechepe. Nikamwambia, "Kaka, fungua plagi uikaushe, achia choki, ndipo uvute."

"Mimi mtoto wa shamba la miti la Sao Hill," akanijibu, "sifundishwi msumeno."

Haya, bwana misitu. Juzi uliwaka, kwa bahati, ila mnyororo butu ulitoa vumbi laini kama unga wa sembe badala ya chenga. Jana kamba ikakatika, akabaki na kishikio mkononi. Leo alfajiri nimemsikia uani akinoa shoka.