Kabati Liandikishwe Shule: Barua ya Wazi kwa Mwenye Ufunguo

KWA: Mheshimiwa mwenye dhamana ya maktaba za shule katika mwambao wa Gitaza, popote ofisi yake itakapokuwa imehamia barua hii ikifika.

YAH: MAOMBI MANNE, MATATU YA KAWAIDA NA MOJA LA DHARURA

Mheshimiwa,

Anwani ya barua hii imeachwa wazi kwa makusudi, wala si kwa utovu wa adabu. Gitaza, iliyo katika eneo la Muhuta nchini Burundi, ilihesabiwa kwanza katika mkoa wa Bujumbura Vijijini, ikahamishiwa mkoa mpya wa Rumonge mwaka 2015, kisha ikahesabiwa upya pale mageuzi yaliyotungiwa sheria mwaka 2023 yalipoanza kutekelezwa mwaka 2025 na kuipunguza mikoa ya Burundi kutoka 18 hadi 5, na komini, yaani vitengo vya utawala chini ya mkoa, kutoka 119 hadi 42. Katika safari yote hiyo, ambamo Gitaza yenyewe haikusogea hata hatua moja kutoka ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mihuri imechongwa upya, vibao vya ofisi vimepakwa rangi na barua zimebadilishiwa njia, lakini kabati la vitabu limebaki palepale, nyuma ya meza ya direkta, yaani mkuu wa shule, likiwa na kufuli lilelile. Ni haki basi kuanza kwa pongezi: katika utawala wa elimu wa mwambao huu hakuna asasi iliyodumu kwa uthabiti kuliko kufuli hilo.

Kwa kuwa istilahi ya "maktaba ya shule" hutumika katika taarifa za Mheshimiwa kwa maana ambayo kamusi bado hazijaifikia, inafaa ifafanuliwe. Maktaba ya shule ni kabati la mbao, aghalabu lenye vioo, ambalo hufunguliwa siku anapokuja inspekta, yaani mkaguzi wa shule; vumbi hufutwa asubuhi hiyo, vitabu vikahesabiwa, idadi ikaandikwa katika rejista, na kufuli likarudi mahali pake kabla wino haujakauka. Mkutubi, ambaye kwa mujibu wa ilani ya maktaba za shule iliyotolewa mwaka 1999 na UNESCO pamoja na IFLA, shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba, anapaswa kuwa mtu aliyesomea kazi hiyo, hapa ni mwalimu yeyote aliyekutwa hana kipindi siku ufunguo ulipokuwa ukigawiwa. Msomaji, mwisho, ni mtoto anayesimama mbele ya kioo akasoma migongo ya vitabu kutoka kushoto kwenda kulia, mpaka akayajua majina ya vitabu kumi na viwili pasipo kujua kilichoandikwa ndani ya hata kimoja. Wahenga walionya kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Walisahau kuonya kwamba daftari nalo likipendwa kupita kiasi huweza kuichukua nafasi ya mali.

Sababu inayotolewa kila mara suala hili linapoulizwa ni kwamba vitabu vikiguswa vitachakaa. Hoja hiyo ina nasaba ndefu na haistahili kudharauliwa. Katika kanisa kuu la Hereford nchini Uingereza ingalipo maktaba ya karne ya 17 ambayo vitabu vyake vimefungwa kwa minyororo, na wageni husafiri kwenda kuvishangaa kama kumbukumbu ya zama za ubahili. Mgeni kutoka Gitaza angeshangazwa na jambo jingine, kwa sababu minyororo ya Hereford ilitengenezwa mirefu kiasi cha kumwezesha msomaji kukishusha kitabu, kukilaza juu ya meza na kukisoma hadi mwisho. Mkutubi wa Kihindi S. R. Ranganathan, alipochapisha kanuni zake tano za ukutubi mwaka 1931, aliona kuwa jambo la kwanza kabisa la kudaiwa ni kitabu kitumike, na akauhesabu mnyororo kuwa ugonjwa uliokwisha kupona. Hakujua kuwa kuna mahali ambapo watoto wangeuombea mnyororo urudi.

Mwaka 2005 ada ya shule ya msingi ilifutwa nchini Burundi, watoto wakamiminika madarasani, zamu mbili zikawa desturi, yaani kundi moja kusoma asubuhi na jingine alasiri katika madawati yaleyale, na mwalimu mwenye kitabu kimoja akawa hana budi kukinakili ubaoni ili darasa zima likinakili tena katika madaftari. Hayo yote yanaeleweka, kwa kuwa umaskini ni jambo linaloeleweka. Lisiloeleweka, na ambalo hakuna lugha ya ofisi inayoweza kulisafisha, ni kwamba mkono wa mtoto unachoka kwa kunakili huku vitabu vimelala hatua chache kutoka alipokaa, vimelipiwa, vimepigwa muhuri, vimehesabiwa, na vimekatazwa. Mtoto huyo hakunyimwa kitabu na umaskini. Amenyimwa na mtu mwenye ufunguo mfukoni, aliyeogopa rejista kuliko alivyoogopa ujinga, naye atamaliza shule akiamini kwamba kitabu ni kitu cha wakubwa, kama kiti cha ofisini.

Mheshimiwa awie radhi kwa sentensi hizo, zilizoponyoka kabla ya kupigwa pasi. Barua inarejea kwenye maombi.

Ombi la kwanza linahusu kalenda. Ng'ambo ya maji, serikali ya Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wapate kuzaliana. Mheshimiwa anaombwa kuuiga utaratibu huo kwa makabati, yafungwe miezi 3 na kufunguliwa miezi 9. Ikiwa kufungwa kwa miezi yote 12 kulikusudiwa kuvipa vitabu nafasi ya kuzaliana, basi uchunguzi wa muda mrefu uliofanywa kupitia kioo unaonyesha kuwa havijaongezeka, na kwamba viumbe pekee waliozaliana humo ni mchwa.

Ombi la pili linahusu Barabara ya Taifa Namba 3, inayotoka Bujumbura kwenda Rumonge kwa kupitia Gitaza, ambayo kwa miaka mingi imekuwa jibu la kila swali kuhusu vitabu vipya. Maporomoko ya Machi 2015 yaliua watu na kuikata barabara hiyo, na ziwa lililofura limekuwa likizila kingo zake. Hayo si ya kufanyiwa mzaha. Hata hivyo kreti za bia hufika, madumu ya mawese ya Rumonge hupita, ndagala, yaani dagaa, wakavu hupanda gari alfajiri, na masanduku ya kura hayajawahi kuambiwa yasubiri mpaka tope likauke. Huko Garissa, Kenya, ambako barabara huwa mchanga mtupu, vitabu vimekuwa vikibebwa na ngamia tangu mwaka 1996 kuwafuata wafugaji walikohamia. Mwambao huu hauna ngamia, ila una mitumbwi mingi kuliko ofisi.

Ombi la tatu ni dogo. Mtoto wa hapa huanza kusoma kwa Kirundi, akahamishiwa Kifaransa, huku akifundishwa Kiingereza na Kiswahili, lugha ambayo mama yake huitumia mwaloni kubishania bei ya samaki aitwaye mukeke. Kwa mtoto mwenye lugha nne inaombwa rafu moja tu yenye Kirundi na Kiswahili, ili kitabu cha msaada kinachofundisha kuteleza juu ya theluji kipate jirani wa kuzungumza naye.

Sasa ombi la nne, ambalo kwa ajili yake hasa barua hii imeandikwa. Mheshimiwa anaombwa, kwa unyenyekevu wote, aruhusu kabati liandikishwe kuwa mwanafunzi.

Sifa zake za kujiunga ni kamilifu. Hakuna kiumbe katika shule aliyekaa karibu na vitabu kwa muda mrefu kama kabati, wala aliyeviweka moyoni kwa maana halisi ya neno hilo. Katika miaka 9 ya elimu ya msingi ya sasa, iliyoanza kutekelezwa mwaka 2013, kabati halikosi hata siku moja: haliendi sokoni na mama yake, halikimbilii mwaloni msimu wa ndagala, haliugui malaria, wala halirudishwi nyumbani kwa kukosa mchango. Likiitwa jina katika mahudhurio halitajibu, lakini ukimya huo usihesabiwe kuwa kosa, kwa maana wako wanafunzi wengi wasiojibu, na mwalimu huwaandikia kuwa ni watulivu. Halitazungumza lugha isiyoruhusiwa darasani, kwa sababu linanyamaza kwa lugha zote nne kwa ufasaha ulio sawa. Alama zake za nidhamu zinaweza kuandikwa tangu leo.

Masuala ya utekelezaji yamekwisha kufikiriwa. Sare ya kaki itashonwa na fundi wa sokoni, ambaye itabidi apande kigoda ili kuyapima mabega, na inapendekezwa ikatwe kipande kimoja bila mikono, kwa kuwa kabati halitarajiwi kuinua mkono kuuliza swali, sifa inayothaminiwa sana. Dawati halihitajiki, litasimama nyuma ya darasa kama wasimamavyo wengine waliochelewa kupata nafasi. Kwa upande wa zamu, kabati litakuwa mwanafunzi wa kwanza kuhudhuria ya asubuhi na ya alasiri kwa mfululizo. Mzazi wake katika mikutano atakuwa direkta mwenyewe, maana ndiye aliyelilea na ndiye asiyekubali liguswe. Minervali, yaani karo inayodaiwa katika ngazi za juu, italipwa kwa kupunguza fungu la kufuli jipya.

Mwishoni mwa mwaka wa 9 kabati litafanya konkuru, mtihani wa taifa wa kuchagua watakaoendelea, na hapo pana jambo la kisheria ambalo Mheshimiwa hana budi kulitafakari mapema. Mtahiniwa haruhusiwi kuingia katika chumba cha mtihani akiwa na kitabu, ilhali mtahiniwa huyu amejaa vitabu kuanzia miguuni hadi shingoni. Wasimamizi watamzuia mlangoni, kama wajibu wao unavyowataka, nao watadai apekuliwe. Ufunguo utatafutwa. Utapatikana, kwa kuwa utakaotajwa ni udanganyifu katika mtihani, kosa ambalo dola hulichukulia kwa uzito usiowahi kupewa usomaji. Kufuli litafunguliwa, vitabu vitatolewa kimoja kimoja, na kwa kuwa ndani ya chumba haviruhusiwi, vitapangwa chini, nje, kwenye kivuli cha mwembe, mahali ambapo mamia ya watoto wa madarasa ya chini, waliopewa mapumziko kwa sababu ya mtihani, watakuwa hawana la kufanya.

Mtihani utachukua saa kadhaa. Katika muda huo Mheshimiwa hatakiwi kutoa agizo, kuunda kamati wala kusaini waraka. Anaombwa kitu kimoja tu, ambacho ofisi yake imekwisha kuonyesha kuwa inakiweza: achelewe.

Ikitokea kabati likafaulu, na mazingira yanaonyesha kuwa litawashinda wengi, basi lipelekwe katika shule ya mbali likaendelee na masomo yake, na mwambao huu utaliaga kwa heshima zote. Vitabu vitabaki, kwa kuwa ni mali ya shule na mwanafunzi anayehama haruhusiwi kuondoka na mali ya shule. Vitachakaa. Kurasa zitashika alama za vidole vyenye mafuta ya mawese, majalada yatang'oka, kimoja kitaangukia majini na kingine kitalala chini ya mto wa mtoto kwa wiki mbili zaidi ya muda wa kuazimwa. Inspekta atakapokuja atakuta rejista yenye mapengo, na kila pengo litakuwa nyumba yenye kitabu. Kama hilo ni kosa, barua hii inaomba kosa hilo liandikwe kwa wino usiofutika, na adhabu yake itangazwe mapema ili watoto wajipange kwenye foleni.

Kwa heshima na taadhima zote anazostahili Mheshimiwa,

Wasomaji wa Migongo ya Vitabu,
Gitaza.

Nakala kwa:
Direkta, aihifadhi barua hii kabatini pamoja na maandiko mengine yasiyotakiwa kusomwa.
Mchwa, kwa utekelezaji.