Saa Haiuzwi, Huposwa

Kosa la kwanza la anayenunua saa janja yenye mtandao wake ni kudhani kwamba amenunua. Amelipa, amekabidhiwa boksi, amepewa risiti na mfuko wa kubebea. Kwa desturi za soko lolote, kuanzia Kariakoo hadi Deira, biashara imekwisha. Kumbe alichofanya ni kupeleka barua ya posa tu. Jibu bado, na watakaolijibu ni wengi, kila mmoja kwao. Saa ninayoisema hapa ni tofauti na ile ya kuhesabu hatua na kuonyesha ujumbe uliokwisha kuingia kwenye simu. Ni ile inayoahidi kwamba utaiacha simu nyumbani, utakwenda kukimbia ufukweni Coco, na mtu akikupigia kwa namba yako ileile, mkono utaita. Ahadi nzuri, na wapo ambao imetimia kwao. Lakini kati ya ahadi na mlio kuna vituko vya kumzeesha mtu, na hoja yangu ni kwamba vituko hivyo havitokani na ujinga wa mnunuzi wala ubovu wa saa. Vinatokana na kuondolewa kwa kijikadi cha plastiki ambacho, bila sisi kutambua, ndicho kilichokuwa kikimpa mteja kauli.

Tumkumbuke marehemu alivyokuwa. Laini ya kadi ilishikika. Mtandao ukisumbua uliichomoa, ukaipuliza, ukaipangusa kwenye shati au pindo la kanga, ukairudisha. Nusu ya dawa hiyo ilikuwa imani, lakini nusu ya pili ilikuwa sayansi kamili, maana kadi ilikuwa shahidi anayehamishika. Ukiitia kwenye kiswaswadu cha jirani ikashika mtandao, simu yako ndiyo mgonjwa. Ikigoma na huko, mgonjwa ni laini, na kijana wa kusajili laini aliyekaa chini ya mwavuli hana pa kukimbilia. Kesi ilisikilizwa na kuhukumiwa barabarani kwa dakika mbili, na gharama yake ilikuwa pini ya mtandio. Hata saa za mwanzo zilifuata sheria hiyo: Samsung Gear S ya mwaka 2014 ilikuwa na mahali pa kupachika kadi. Mwaka 2016 ikaja Gear S2 Classic ya 3G, kadi haipo tena, na Septemba 2017 Apple wakaleta Watch Series 3 kwa mtindo huohuo. Badala ya kadi kuna chipu iliyochomelewa ndani, ambayo wenye mitandao huiita eSIM. Kinywani mwa Mswahili jina hilo hutoka “isimu”, na kwa kweli waliosomea isimu chuo kikuu wana nafuu kidogo, kwa kuwa wamezoea kuchambua kitu ambacho hakuna aliyewahi kukishika.

Sasa tazama posa inavyokwenda. Saa haijisemei, mshenga wake ni simu. Simu nayo haikubaliwi kuwa mshenga mpaka iwe na laini ya kampuni ileile inayoposwa. Mshenga hubisha hodi kwenye seva ya kampuni na kuuliza kama mwenye namba hii anaruhusiwa kuongeza saa. Wazee wa huko hutaka kuona akaunti, kifurushi anacholipia, na nywila ambayo mteja aliitunga zamani, siku ambayo hakuwa na shida nayo. Wakiridhika, huandaliwa kitambulisho kipya kabisa, mbali na kile cha kwenye simu, ingawa kwa nje vyote viwili vitaitikia namba moja. Kisha kitambulisho hicho hufungwa kwa namba ya chipu ya saa hiyo na si nyingine. Namba ya chipu ina tarakimu 32. Mtanzania aliyewahi kusimama dirishani akizisaka kichwani tarakimu 20 za NIDA atajua uzito wake, na zile za NIDA angalau huanza na tarehe ya kuzaliwa. Mwisho kitambulisho hushushwa kwenye saa kwa intaneti, na kwa kuwa saa haina intaneti, maana ndiyo kwanza inaitafuta, huazima ya simu. Ili upate mtandao sharti uwe na mtandao, sawa na kijana anayedaiwa uzoefu wa miaka mitatu ndipo apewe kazi ya kwanza.

Mzee yeyote akikataa katika mlolongo huu, kioo cha saa huonyesha maneno yaleyale: jaribu tena baadaye. Hakisemi nani amekataa. Ukiuliza dukani, utaambiwa saa ni nzima, ona inawaka. Ukipiga huduma kwa wateja, baada ya kubonyeza moja kwa Kiswahili na kusikiliza muziki wote, utaambiwa laini yako ni nzima, ndugu mteja, si ndiyo unayopigia? Ukimwendea mtengenezaji, atakuelekeza kwa kampuni ya simu. Kinachochekesha, na kuudhi pia, ni kwamba wote watatu wanasema kweli. Hakuna mwongo hata mmoja, na saa haiiti. Zamani ungeichomoa kadi na kuwaumbua mmoja mmoja. Sasa shahidi amechomelewa ndani ya mtuhumiwa.

Kuna jaribio moja ambalo karibu kila mnunuzi hulifanya, nalo ndilo linalompoteza kabisa. Akiwa bado dukani hupiga simu kwa saa, mtu wa upande wa pili huitika, muuzaji hutabasamu, watazamaji husogea. Jaribio hilo halijathibitisha chochote. Saa ikiwa karibu na simu yake, hupitishia mazungumzo kwenye simu kwa Bluetooth, na hufanya hivyo makusudi ili kuhifadhi betri. Mtandao wake yenyewe huugusa pale tu simu inapokuwa mbali au imezimwa. Na betri inastahili huruma: Series 3 ilitangazwa kuwa hukaa saa 18 kwa matumizi ya kawaida, lakini kuongea kwa mtandao wake yenyewe ilikuwa saa 1 tu. Kwa hiyo simu ikiwa mfukoni, saa isiyo na mtandao na saa yenye mtandao hutenda sawasawa. Mshenga akiwa sebuleni, kila bwana harusi anaonekana msemaji. Ukweli hujulikana siku mtu akishaacha simu kitandani na kufika nusu ya njia, mkono umenyamaza kama saa ya ukutani ya msikitini, isipokuwa ile ya msikitini angalau haikatwi ada ya mwezi.

Wahandisi watanijibu kwamba kadi haikuondolewa kwa hila. Kadi ndogo kuliko zote ina ukubwa wa milimita 12.3 kwa 8.8, wakati chipu ya kuchomelea inatosha katika milimita 6 kwa 5, na ndani ya saa milimita ni viwanja vya Masaki. Tena kila tundu la kuingizia kadi ni mlango wa maji, na saa hizi huuzwa kwa watu wanaoogelea. Nakubali yote hayo, bila kinyongo. Lakini sikulalamikia udogo. Nalalamikia kwamba pamoja na plastiki uliondolewa uwezo wa mteja wa kupima mwenyewe, na hakikuwekwa kitu mahali pake. Hata wataalamu wakinyang'anywa uwezo huo huhangaika kama sisi. Series 3 ilipotolewa kwa waandishi waijaribu, baadhi yao waliona mtandao unapotea bila sababu; Apple wakakiri kwamba saa ilikuwa ikijiunga na waifai zisizo na intaneti, na ikishajiunga huko haitumii tena laini yake. Yaani posa imekubaliwa, mahari imelipwa, na bwana harusi kanasa kwenye waifai ya mgahawa isiyo na kitu. Programu ikarekebishwa baadaye, lakini waliogundua ni watu ambao kazi yao ni kupima saa. Mwalimu wa Morogoro angeambiwa azime, awashe.

Serikali nazo ni wazee katika ukoo huu. Mwezi huohuo wa Septemba 2017, siku chache baada ya saa hiyo kuingia madukani China, wateja wapya wa China Unicom walijikuta wamekatiwa mtandao wa saa, na wachambuzi wakasema tatizo ni jinsi ya kumtambua mwenye laini ambayo haikukabidhiwa mtu mkononi. Anayekumbuka foleni za alama za vidole Tanzania kabla ya tarehe 20 Januari 2020, siku ya mwisho ya kusajili laini upya, hatawashangaa Wachina. Laini kwetu ni mtu. Ndani yake mna M-Pesa, michango ya harusi na madeni ya duka. Ni haki dola itake kujua kidole cha nani kimeivaa. Ila saa huvaliwa kwenye kifundo cha mkono, na kifundo hakina alama.

Wapo watakaosema haya yote yameandikwa kwenye maelezo, mtu asome tu. Basi na asome. Atakuta kwamba kampuni yake ya simu lazima iwe kwenye orodha ya mtengenezaji, na kwamba kampuni kuuza eSIM za simu hakumaanishi kuwa inahudumia saa. Atakuta pia kwamba laini za malipo ya kabla huenda zisikubaliwe, maneno machache, herufi ndogo, ambayo kwa nchi za vocha na bando ni sawa na kuandika kwamba walima mihogo hawaruhusiwi kuposa. Atakuta kwamba saa za Marekani na za Ulaya zimekuwa zikitengenezwa kwa masafa tofauti, kwa hiyo zawadi ya shemeji wa Houston inaweza kuwa bubu Mombasa milele bila kosa la mtu. Na mpaka mwaka 2022 Apple Watch haikuweza kutumia mtandao wa ugenini hata kidogo: ilitua Zanzibar na mwenyewe kutoka London, mwenyewe anasema “mambo”, yenyewe kimya. Ukishayasoma hayo yote unakuwa msomi. Saa haijaita.

Pingamizi linalonipa shida zaidi linatoka Kariakoo kwenyewe. Pale kuna saa za bei ya chini mno, zisizo na jina linalotamkika, ambazo zina tundu la kadi. Unatia laini, inashika, unaongea na mkono wako mbele za watu, tena kwa sauti ya spika, bila mshenga wala nywila. Je, si ushahidi kwamba wanunuzi wa saa ghali wamejitakia? Kwa sehemu, ndiyo, na hapo ndipo hoja yangu inapopata mguu wa pili: saa ya kadi ikigoma, mwenyewe anajua ndani ya dakika mbili nani wa kumgombeza. Lakini ina namba yake, ambayo hakuna anayeijua. Ni kapera mwenye nyumba nzuri. Kazi ya kuzifanya saa na simu ziitikie namba moja ndiyo inayoleta wazee wote wale, na sidhani kuna njia ya kuikwepa. (Kwa bei zote hizo mbili, saa itakuonyesha 7:00 na wewe utasoma saa moja asubuhi, kama babu yako alivyosoma ya kwake.)

Anayesema saa ya namna hii haina haja kabisa, simu ipo, asihukumiwe haraka. Hata hivyo, tangu mwaka 2020 Apple wameruhusu saa ya mtandao kupewa mtoto au mzee asiye na iPhone yake, ikasimamiwa na simu ya mwanafamilia. Na mzee anayesahau simu kila mahali ila hasahau mkono wake ni mtu wa kweli, yuko katika kila ukoo. Kwake yeye mlio huo si anasa. Lakini mwanawe ajue kuwa ikija talaka, nayo ina wazee wake. Siku ya kuiuza saa na kuitenganisha na simu, kioo kitauliza kama mpango wa mtandao ubaki au ufutwe. Akibonyeza ufutwe, umefutwa kwenye saa. Kampuni ya simu haijaambiwa, na ada ya mwezi inaendelea kama matunzo. Atapiga huduma kwa wateja, atabonyeza moja, atasikiliza muziki, na huenda akaombwa zile tarakimu 32. Zimo ndani ya saa, ambayo sasa iko mkononi mwa mtu wa Mbagala. Zimeandikwa pia kwenye boksi, na boksi mnunuzi aliondoka nalo, kwa sababu saa isiyo na boksi hushushwa bei.