Sifa Stahiki za Bwana Li Ming

Waandishi wa Kiyunani wa kale waliwahi kuutungia upara risala ya sifa, na inzi naye hakusahauliwa. Kwa hiyo si haki kwamba mazoezi ya kutafsiri na kuandika Kiingereza, ambayo vijana wa China huyafanya kwa miezi mingi wakijiandaa kwa mtihani wa kuingia masomo ya uzamili, yaendelee kupokea laana peke yake ilhali fadhila zake ni nyingi kwa yeyote atakayekaa akazitafuta kwa subira. Mtihani wenyewe huitwa kaoyan, jina la mkato lenye maana ya kutahiniwa ili kuwa mwanafunzi wa uzamili, na ulirejeshwa mwaka 1978 baada ya Mapinduzi ya Utamaduni kuvuruga elimu ya juu nchini humo. Siku hizi hufanyika mwishoni mwa Desemba, nchi nzima kwa wakati mmoja: waliojiandikisha kwa mtihani wa 2023 walikuwa milioni 4.74, na ingawa kwa mtihani wa 2025 idadi ilishuka hadi milioni 3.88, huo bado ni umati ambao nchi kadhaa zingejivunia kuwa nao kama raia. Asubuhi ya siku ya kwanza ni ya somo la siasa, na kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja jioni ni zamu ya lugha ya kigeni, ambayo kwa wengi ni Kiingereza na ambayo hubeba alama 100 kati ya 500 katika fani nyingi.

Tangu mwaka 2010 karatasi hiyo imegawanywa katika aina mbili, yaani Kiingereza cha Kwanza, ambacho kwa kawaida huwahusu wanaoelekea kwenye utafiti, na Kiingereza cha Pili, ambacho zaidi ni cha wanaotafuta shahada za kitaaluma kama vile uhasibu. Sifa zitakazotolewa hapa ni za kile cha Kwanza, kwa kuwa ndicho chenye makali zaidi: tafsiri ina alama 10, barua fupi 10, na insha inayoeleza picha 20. Sehemu kubwa ya alama zilizobaki ni za ufahamu, ambao una mashabiki wake na hauhitaji wakili.

Mwanzo uwe wa fadhila ndogo, ambazo zinaweza kutajwa huku mtu akiendelea na safari yake. Mazoezi haya hunyoosha mwandiko. Karatasi za majibu, zilizoandikwa kwa wino mweusi, hupigwa picha kwa mashine na kusomwa kwenye skrini na wasahihishaji wenye rundo lisilokwisha, na kwa hiyo wakufunzi wa tuisheni husisitiza kwamba herufi safi zina thamani ya alama. Kutokana na imani hiyo, mtu mzima wa miaka ishirini na miwili, ambaye tayari ana shahada ya uhandisi wa madaraja au anaikaribia, hununua daftari lenye herufi zilizochapwa kwa rangi ya kijivu hafifu na kukaa nalo jioni akizifuatisha kwa kalamu, a juu ya a na g juu ya g, mpaka mkono wake uzoee ule mwandiko unaoitwa wa Hengshui, uliopata jina kutokana na shule maarufu ya sekondari mkoani Hebei: herufi za mviringo, zilizosimama wima, zisizoshikana, za kimo kimoja, kana kwamba zimetoka kiwandani. Watu kumi wakiandika ukurasa mmoja kwa mwandiko huo, hata mama zao hawataweza kuwatenganisha.

Tafsiri nayo hufundisha uwekevu. Mtahiniwa hupewa kifungu ambacho ndani yake sentensi tano zimepigiwa mstari, na hizo tano ndizo atakazozigeuza kuwa Kichina. Kilichobaki si lazima kisomwe, na mwenye haraka hakisomi. Kwa njia hiyo vijana walikutana na Darwin mwaka 2008, na Beethoven mwaka 2014, na zama za Shakespeare mwaka 2018, kila mmoja kwa kipimo cha sentensi tano, wakaachana nao kwa amani. Kwa kuwa Kichina hutanguliza maelezo yote kabla ya kitu kinachoelezwa, ilhali Kiingereza hupenda kuyaburura nyuma, kazi yenyewe ni ya kufungua sentensi vipande vipande na kuipanga upya kuanzia mkiani, na ni kazi ya heshima inayohitaji akili. Lakini kila sentensi ina alama 2, ambazo nazo hukatwakatwa hadi nusu kulingana na vipande vyake, kwa hiyo aliyemwelewa Darwin nusu hulipwa nusu, hesabu ambayo elimu ya biolojia yenyewe haijawahi kuifikiria. Wakufunzi wengi, wakiona jasho lilivyo jingi na ujira ulivyo mdogo, hushauri sehemu hiyo iachwe mpaka mwisho.

Fadhila iliyo kuu kuliko zote, ambayo ingeyatosha mazoezi haya hata kama yasingekuwa na nyingine, ni kwamba yameuletea ulimwengu Bwana Li Ming. Maagizo ya barua fupi humkataza mtahiniwa kutia sahihi jina lake na humwamuru aandike Li Ming badala yake, pasipo anwani, ili msahihishaji asimtambue anayemsahihisha. Sababu ni njema, lakini matokeo yameipita sababu kwa mbali sana: kila mwaka, ndani ya saa tatu zilezile, mamilioni ya watu huyaweka kando majina waliyopewa na wazazi wao na kuwa mtu mmoja, mwenye mwandiko mmoja wa mviringo, na haja moja ya kuandika barua ya maneno kama mia moja. Dini na falsafa zimehubiri umoja wa wanadamu kwa karne nyingi bila kuufikisha hapo.

Maisha ya Li Ming, yakikusanywa kutoka katika karatasi za miaka mbalimbali, ni maisha ya mfano. Mwaka 2005, barua fupi ilipoingizwa katika mtihani, alikuwa mhariri wa jarida la mitindo na alikuwa amekaa kazini miezi miwili tu. Kazi haikumpendeza, akamwandikia bosi wake, Bwana Wang, kwamba anaondoka. Mtu wa kawaida angeyumba kiuchumi. Li Ming, kinyume chake, mwaka uliofuata aliuandikia Mradi wa Matumaini, ule mpango wa hisani ulioanzishwa mwaka 1989 kusomesha watoto wa vijiji vya mbali, akiomba kumgharimia mtoto mmoja, na chanzo cha fedha hizo hakikuulizwa na yeyote. Mwaka 2007 aliishauri maktaba ya chuo namna ya kuboresha huduma. Mwaka 2008 alikuwa ametoka Kanada, akakuta katika sanduku lake sidii ya muziki ya Bob, mwenye nyumba aliyempangisha huko, akamwomba radhi na kupendekeza njia ya kuirudisha. Na kama barua zote za siku ile zingetumwa kweli, Bob angepokea radhi kwa magunia, zote kwa ajili ya sidii moja. Mwaka 2009 alililalamikia gazeti la mtaani kwake kuhusu mifuko ya plastiki, ambayo kugawiwa bure madukani kulipigwa marufuku Juni 2008 bila mafanikio ya kumridhisha yeye. Mwaka 2013 alimwalika mwalimu wa kigeni awe jaji wa mashindano ya hotuba, mwaka 2014 akamweleza mkuu wa chuo kikuu jinsi ya kuimarisha afya za wanafunzi, na mwaka 2017 akampendekezea mandhari za jiji lake profesa mgeni kutoka Australia aitwaye James Cook, ambaye kwa jina hilo la baharia maarufu pengine hakuhitaji sana kuelekezwa njia. Mwaka 2018 alikuwa akiwaalika wataalamu wa kigeni kwenye mahafali. Kama yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliohitimu siku hiyo, karatasi haikusema.

Tabia yake haina doa. Hakasiriki hata anapolalamika, hana deni asilolikiri, hana jirani mbaya, hajawahi kuomba mkopo wala kumwandikia msichana. Hujitambulisha katika aya ya kwanza, hutoa sababu mbili au tatu katika aya ya pili, na katika ya tatu hushukuru kwa muda ambao msomaji ameutumia. Na ingawa ameandika barua nyingi kuliko mfalme yeyote mwenye makarani, hajawahi kujibiwa hata moja, na mwaka unaofuata huandika tena kwa adabu ileile. Wanaolalamika kwamba vijana wa leo hawana uvumilivu hawajakutana naye.

Baada ya Li Ming, insha ya picha haina budi kuonekana pungufu, ingawa nayo husaidia, kwa kuwa humpunguzia mwandishi mzigo wa kuwa na maoni. Picha ya mwaka 2005 ilimwonyesha baba mzee aliyejikunja kama mpira huku watoto wake wakimpiga teke asiingie kwenye lango la yeyote kati yao. Ya mwaka 2009 ilichora intaneti kama utando wa buibui wenye watu ndani. Ya mwaka 2012 ilihusu chupa iliyoanguka na watu wawili wanaotazama kilichomwagika na kilichobaki. Kwa zote tatu kiolezo ni kilekile, yaani insha iliyokwisha kuandikwa na mtu mwingine ikiwa na mapengo ya kujazwa nomino: aya ya kuieleza picha, aya ya kufichua maana yake, aya ya kuitaka jamii ichukue hatua. Msomaji aliyewahi kufundishwa shuleni kwamba kila insha ifunguliwe kwa majogoo kuwika na jua kuchomoza atakitambua kiolezo hicho mara moja. Baba akitupwa, jamii ichukue hatua. Chupa ikimwagika, jamii ichukue hatua.

Hapa, hata hivyo, ndipo mahali ambapo msifu huishiwa pumzi. Inafahamika kwamba mtu hujifunza kuandika kwa kuandika, kisha kusomwa, kisha kuonyeshwa alipokosea, na kuandika tena. Mtihani huu hautoi chochote katika hayo isipokuwa la kwanza. Karatasi hairudishwi. Matokeo yanayotolewa ni namba moja ya somo zima, bila kuonyesha alama ngapi zimetoka kwenye tafsiri, ngapi kwenye barua, na ngapi kwenye insha, hivi kwamba aliyeanguka kwa sababu ya sentensi za Darwin na aliyeanguka kwa sababu ya chupa hupata namba ileile na kubaki gizani kwa namna ileile. Anayeomba uhakiki wa alama huhakikishiwa kwamba zimejumlishwa sawasawa na kwamba hakuna ukurasa ulioachwa. Kama msahihishaji alikosea katika kuhukumu, hilo si jambo linalohakikiwa. Kijana aliyekesha mwaka mzima juu ya lugha ya watu anaambiwa kwamba alama zake zimejumlishwa bila kasoro. Huo ni upuuzi, na kuuita kwa jina la heshima zaidi kungekuwa kuzidisha mzaha.

Tena namba hiyo moja ina nguvu ya kisu. Kila mwaka Wizara ya Elimu hutangaza mstari wa kitaifa, yaani kiwango cha chini ambacho mtahiniwa hana budi kukifikia katika jumla ya alama na pia katika kila somo peke yake, huku vyuo vikuu 34 vikiruhusiwa kujichorea mistari yao. Maana yake ni kwamba anayetaka kuchunguza maandishi ya vyombo vya shaba vya enzi ya Zhou, au kulinganisha matoleo ya mashairi ya enzi ya Tang, ambayo hayana hata neno moja la Kiingereza, aweza kuwa wa kwanza katika masomo yake mawili ya fani, yenye alama 150 kila moja, kisha akarudishwa nyumbani kwa upungufu wa alama mbili za Kiingereza. Vyuo havidai kwamba alama hizo mbili zinaeleza lolote kuhusu uwezo wake wa kusoma shaba. Vinachohitaji ni kupunguza foleni, na kuipunguza kwa kipimo kilicholetwa tayari kutoka nje ya chuo ni rahisi na kunagharimu kidogo kuliko profesa kuketi na kusoma kazi za waombaji mmoja baada ya mwingine.

Ushahidi kwamba vyuo vyenyewe havikiamini kipimo hicho hautoki kwa wapinzani wao. Upo utaratibu uitwao tuimian, ambao kwa huo chuo humpendekeza mwanafunzi wake bora aingie uzamili bila kufanya mtihani huu wa maandishi, na vyuo vyenye majina makubwa hujaza sehemu kubwa ya nafasi zao kwa njia hiyo, vikiwaangalia waombaji kwa rekodi zao za miaka mitatu au zaidi, barua za walimu wao, na mazungumzo ya ana kwa ana. Kwa maneno mengine, vinapomtaka mtu kwelikweli, vinajua jinsi ya kumsoma, na havimtumi kwanza akamwombe Bob radhi.

Kwa waliovuka mstari kuna hatua ya mwisho, ambayo ni usaili mbele ya jopo la walimu wa idara, na katika idara nyingi mwombaji huombwa ajitambulishe kwa Kiingereza. Yeye huutoa utambulisho aliouhifadhi kwa wiki kadhaa, wenye jina la mkoa wake, vitu anavyovipenda na sababu tatu za kukipenda chuo hicho. Maprofesa, ambao tangu asubuhi wamekwisha kuusikia kutoka kwa wote waliomtangulia, hutikisa vichwa kwa kuridhika. Kisha mmoja wao hufungua faili, na usaili wenyewe huanza kwa Kichina.