Sifa za Sheria Isiyo na Rula

Sheria za visu katika mataifa mengi zina tabia ya fundi cherehani, kwa maana kwamba kabla ya kutamka lolote hutafuta tepu ya kupimia. Nchini Uingereza, Sheria ya Haki ya Jinai ya 1988 humruhusu mtu kutembea hadharani na kisu cha kukunja bila kudaiwa sababu, mradi makali yake, yaani ule upande ukatao, yasizidi inchi 3, na mradi kisiwe cha aina inayojifunga ikishakunjuliwa. Jijini Chicago kisu kinachofichwa mwilini huwa kosa kikifika inchi 2.5, ilhali katika jimbo la Texas, tangu Septemba 2017, mtu mzima anaweza kubeba kisu cha urefu wowote autakao, ila kile kinachozidi inchi 5.5 hakiruhusiwi kuingia shuleni, mahakamani wala katika baa. Mkenya aliyelowea Dallas, akitaka kumtembelea nduguye Chicago, hana budi kuukagua mfuko wa suruali yake upya kwa kila jimbo atakalopita njiani, na asipofanya hivyo atajifunza jiografia ya Marekani mbele ya hakimu.

Mkazi wa Spring Valley, mtaa wa ua wa kayaba na mageti ya umeme ulioko Lower Kabete Road, kaskazini-magharibi mwa katikati ya Nairobi, ameepushwa na taabu hiyo yote. Katiba ya 2010 ilizigawa shughuli za serikali kati ya taifa na kaunti 47, lakini sheria ya jinai, ambayo ndiyo sheria ya makosa yanayoadhibiwa na dola, ikaachwa mikononi mwa serikali ya kitaifa. Anayesafiri kwenda Mombasa hupita kaunti kadhaa, Machakos, Makueni na Taita Taveta zikiwemo, na kisu chake hakibadiliki hadhi hata mara moja katika safari nzima. Kilivyo halali, au kilivyo haramu, alipokitia mfukoni, ndivyo kitakavyokuwa njiani, Mtito Andei. Ni nchi chache zinazoweza kujivunia utulivu kama huo, na ni vigumu kueleza kwa nini bodi za utalii hazijautangaza.

Utulivu huo unatokana na fadhila kuu ya sheria ya Kenya inayosifiwa hapa, ambayo ni kutokuwa na rula. Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, inaieleza silaha ya kudhuru kuwa ni kitu chochote kilichotengenezwa ili kumjeruhi mtu, au kilichogeuzwa ili kifanye kazi hiyo, au ambacho mwenye kuwa nacho amekusudia kukitumia hivyo. Maelezo hayo yanafanana sana na yale ya sheria ya Kiingereza ya Kuzuia Uhalifu ya 1953, nayo hayataji inchi wala sentimita. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, katika kifungu cha 308, inaongeza kwamba mtu akikutwa na silaha ya hatari katika mazingira yanayoonyesha kuwa alikusudia kutenda kosa kubwa la jinai, atafungwa jela kwa muda usiopungua miaka 7 na usiozidi 15. Tofauti kati ya mtu aendaye kumenya embe na mtu astahiliye miaka 7 haimo katika kisu, bali imo katika nia, na nia, kama wajuavyo wanasheria na wake wenza, haionekani kwa macho.

Hapo ndipo sheria hii inapozipita nyingine kwa hekima. Sheria yenye rula humfanya polisi kuwa mpimaji tu, kazi ambayo hata mtoto wa darasa la 4 angeiweza, lakini sheria isiyo na rula humpandisha cheo akawa mwanafalsafa, kwa kuwa humtaka asome moyo wa mtu kando ya barabara, tena kwa dakika chache. Visomo havikosekani. Mama mboga wa kibandani hushika fungu la sukuma wiki kwa kiganja cha kushoto, akalikaza kama sigara nene, kisha kisu chake, ambacho kimenolewa mara nyingi hata makali yamebaki membamba kama unyasi na mpini umefungwa kwa mpira wa tyubu, kikapita milimita chache mbele ya kidole gumba, na majani yakaanguka ndani ya mfuko yakiwa nyuzi za kijani. Asubuhi hiyohiyo mtunza bustani hupanda barabara akiwa na panga mkono mmoja na fyekeo begani, silaha ambazo zingetosha kuvamia ngome, naye husalimiwa na kila askari wa getini. Hakuna anayemshuku, maana saa ni 1 asubuhi, gambuti zina matope na mwajiri wake anajulikana.

Panga lilelile saa 3 usiku, mikononi mwa kijana aliyetoka kibaruani na anayetembea kuelekea mtaa wa Kangemi kwa sababu nauli imeisha, hupata maana nyingine kabisa, ingawa halijaongezeka hata unywele mmoja. Sheria imesema “mazingira”, na mazingira, katika mitaa ya magharibi ya Nairobi, ni pamoja na saa, viatu, lafudhi na ukosefu wa gari. Kisu cha Uswisi kilicholala ndani ya gari kubwa pamoja na hema na chupa ya mvinyo ni kifaa cha matembezi ya wikendi. Kikihamia kwenye mfuko wa nailoni wa mpita njia, huanza kuhitaji maelezo. Wako watakaouita huo upendeleo, lakini msifu wa kweli atasema ni uangalifu, kwa sababu sheria imekataa kuwatendea watu wote sawasawa kabla ya kuwafahamu.

Rula, hata hivyo, haikuangamizwa kabisa, bali ilihamia milangoni. Baada ya shambulio la kigaidi katika jengo la maduka la Westgate, Westlands, lililoanza tarehe 21 Septemba 2013 na kuua watu 67, kila jengo la maduka lilipata sheria yake ya visu, isiyopitishwa na bunge lolote, ambayo mtungaji, mwendesha mashtaka na hakimu wake ni askari mmoja mwenye kifaa cha kulia kikikuta chuma. Waliovamia Westgate, na wale waliovamia jengo la Dusit, Riverside, tarehe 15 Januari 2019, walikuja na bunduki na mabomu, nao hawakusimama wapekuliwe mifuko. Hilo halijapunguza bidii ya kutafuta visu vya kukunja. Mteja hukiacha chake mlangoni, kisha hupanda ngazi hadi katika duka kubwa la jengo hilohilo, ambako visu vya jikoni vya inchi 8 vimetundikwa kando ya sufuria, akanunua kimoja na kutoka nacho akiwa na risiti. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, lakini hawakuwahi kuona mkahawa wa kisasa, ambamo aliyenyang’anywa kisu mlangoni huletewa kingine mezani, chenye meno, pamoja na nyama yenyewe.

Ugumu wa mlango huongezeka kadiri chombo cha usafiri kinavyokwenda kasi. Matatu haiulizi kitu. Treni ya SGR, iliyozinduliwa kati ya Nairobi na Mombasa mwishoni mwa Mei 2017, huwapanga abiria na mizigo yao ili mbwa wanuse kwanza, ndipo mabegi yapitishwe kwenye mashine, na vitu vyenye makali havina nafasi humo. Kwenye ndege mambo ni magumu zaidi, kwani tangu Septemba 2001 kisu kinachoingia humo kwa kawaida husafiri ndani ya sanduku lililokabidhiwa, chini, mbali na mwenyewe. Mamlaka ya usalama wa usafiri ya Marekani ilitangaza Machi 2013 kwamba ingeruhusu visu vidogo visivyozidi sentimita 6, ikashambuliwa na wahudumu wa ndege, na kufikia Juni ikawa imekwisha kughairi.

Haifai kuiacha sheria ya Kiingereza bila kuitendea haki, maana ingawa ina rula, ina huruma pia. Sheria ileile ya 1988 inakubali utetezi wa mtu anayebeba kisu kwa ajili ya kazi, dini au vazi la taifa lake. Kwa huruma hiyo Kalasinga aliyetoka Nairobi akahamia Southall, jijini London, huvaa kirpani, upanga mfupi wa imani yake, bila wasiwasi, na Mmaasai aliyealikwa London kucheza ngoma angeweza kujenga hoja kwamba sime iliyo ndani ya ala nyekundu kiunoni mwake ni sehemu ya vazi.

Mwezi Mei 2024 kampuni ya Victorinox, watengenezaji wa visu vya Uswisi, ilisema inaandaa kifaa cha mfukoni kisicho na makali kabisa, kwa ajili ya nchi zilizokaza sheria. Nchini Kenya uvumbuzi huo hautamwokoa mtu. Sura ya 56 ilisema kitu chochote, na kifungu cha 308 kina tego la pili kwa aliye mbali na makazi yake huku akiwa na kifaa cha kuvunjia nyumba au cha kuibia, tego ambalo limetegwa pana vya kutosha kunasa bisibisi, kipande cha nondo, na hata kisu kisichokata, alimradi mwenye kukibeba awe amekutwa Lower Kabete Road usiku, kwa miguu, asijue pa kuanzia kueleza alikotoka.